Jiwe Moja la Marich, Tarehe Tatu

Jiwe lilifika Kisumu kwa matatu kutoka Kapenguria, limefungwa gazeti na kutiwa ndani ya pakiti tupu ya unga. Ukubwa wake ni kama ngumi mbili za mtu mzima. Aliyelileta ni binti wa mwaka wa nne anayesomea jiolojia. Kwao ni Pokot Magharibi, karibu na Marich, pale barabara ya Lodwar inapopenya kati ya milima ya Cherangani na Sekerr ikiandamana na Mto Muruny. Babu yake huosha dhahabu mtoni humo. Ndiye aliyeliokota miaka mingi iliyopita, akawa analitumia kuzuia mlango wa ghala usipigwe na upepo.

"Shikamoo, Mwalimu. Kazi yangu imerudishwa," alisema kabla hata hajaketi.

Alikuwa ameandika mradi wa mwisho kuhusu jiwe hilo na miamba inayofanana nalo. Katika ukurasa wa umri aliweka tarehe tatu alizozikuta katika maandishi kuhusu Ukanda wa Msumbiji, ule mshipi mrefu wa miamba iliyopikwa na kukunjwa unaopita mashariki mwa Afrika: miaka milioni 500, miaka milioni 640, na zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jopo likamwandikia kwa wino mwekundu: "Mwamba una umri mmoja. Chagua."

"Nimechagua milioni 500," akaniambia, "kwa sababu ndiyo niliyoikuta mara nyingi zaidi."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lililomo si la binti huyu peke yake. Mimi mwenyewe, miaka ya kwanza ya kufundisha, niliwaandikia wanafunzi ubaoni namba moja ya umri wa mwamba kana kwamba nasoma cheti cha kuzaliwa. Jopo lilikosea kudai tarehe moja. Binti naye alikosea, ila mahali pengine kabisa, na hapo nitafika.

Nilimwomba tuziweke tarehe kando kwanza, tulitazame jiwe. Jirani yangu ni mama anayeuza samaki wa Dunga, na ana mizani ndogo ya ndoano, ile ya betri. Tulilifunga jiwe kwa uzi wa nyavu tukalitundika: gramu 1,240. Kisha tukalizamisha katika ndoo ya maji likiwa bado linaning'inia, bila kugusa chini wala kingo: gramu 850. Maji yamebeba gramu 390. Ukigawanya 1,240 kwa 390 unapata karibu 3.2, yaani jiwe ni zito mara 3.2 kuliko maji ya ujazo uleule. Mama aliyetushikia ndoo aliuliza kama ni chuma. Si chuma, lakini alikuwa ameuliza jambo la maana. Graniti ya kawaida hutoa 2.6 au 2.7. Eklojaiti, mwamba unaotokea lava ya kale ikisukumwa chini sana ya ardhi, hufika 3.4 au 3.5. Jiwe letu lilikaa katikati, na tayari hilo lilinipa shaka kwamba limewahi kubanwa sana, kisha likalegezwa.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi anayekata mawe ya kaunta na ya makaburi. Alilikata kwa grainda yenye diski ya almasi huku kijana wake akimwagia maji kutoka chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko. Lilichukua muda. Diski ilipiga kelele ya juu kila ilipogusa kitu kigumu ndani, na tope lililotiririka lilikuwa la kijani kibichi kilichofifia. Vipande viwili vilipoachana, fundi alivisuuza akaviweka juani. Hapo ndipo binti alipolishika jiwe lake kwa mikono miwili na kunyamaza.

Uso wake ni mweusi unaometameta, ndio honiblendi, madini meusi. Ndani ya weusi huo kuna vifungo vyekundu vya ganeti, vingine vikubwa kama njugu, vingine kama punje ya mtama. Na kila kifungo, kikubwa kwa kidogo, kimezungukwa na pete nyeupe yenye upana wa milimita moja hivi.

"Kama macho," fundi akasema.

Katika mradi wake binti alikuwa ameandika tu: "ganeti pamoja na feldispa." Pete hakuitaja. Ningekuwa mimi, pete hiyo ningeipa kurasa mbili.

Ganeti ni madini yaliyoshonana. Atomu zake zimepangwa kwa kubanana, kwa hiyo hustawi mahali penye mgandamizo mkubwa. Plajioklesi, ambayo ni aina ya feldispa nyeupe, ni nyepesi na inahitaji nafasi. Mwamba ukizama chini, plajioklesi huliwa na ganeti hukua. Mwamba ukipanda juu mambo hugeuka: ganeti huanza kuliwa kwenye kingo, na mahali ilipokuwa huota plajioklesi na honiblendi. Pete nyeupe ni sehemu ya ganeti iliyokwisha kuliwa. Na kwa kuwa madini hayawezi kubadilishana atomu kwa wepesi yakiwa baridi, pete nene kiasi hicho inatuambia jambo la pili: jiwe lilipanda likiwa bado na moto mwingi. Lingekuwa limepoa kabla ya kupanda, ganeti ingebaki nzima na tusingeona jicho lolote.

Kwa kupimia kina, kilobari moja ya mgandamizo ni sawa na kubebeshwa mwamba wa karibu kilomita tatu na nusu juu yako. Kilobari 10 ni zaidi ya mwendo wa kutoka Kisumu hadi Maseno, ila unakwenda chini. Jiwe hili lilifika kilobari ngapi? Hesabu hiyo inafanywa kwa kupima kalsiamu iliyo ndani ya ganeti na iliyo ndani ya plajioklesi, kwa mashine inayolenga miale ya elektroni kwenye nukta ndogo ya kipande kilichosagwa hadi mikroni 30. Kwa macho na lenzi ya mkononi haiwezekani. Nilimkataza binti asiandike namba. Aandike kwamba ganeti iliota penye mgandamizo mkubwa kuliko pete, basi. Nilimkataza pia kuliita eklojaiti, kwa sababu eklojaiti ni lazima iwe na omfasaiti, madini ya kijani yenye sodiamu, nasi hatukuona hata chembe. Huenda ilikuwapo ikafutwa wakati wa kupanda. Hadubini ndiyo itakayoamua.

Sasa umri. Binti aliuliza swali ambalo wanafunzi wengi huliuliza: mwamba uliopikwa hivi si lazima uwe mkongwe kuliko ule ambao haukupikwa? Jumamosi tukaenda Kit Mikayi, huko Seme, kwenye barabara ya Bondo. Mawe yale makubwa yaliyobebana, ambayo watu huenda kusali chini yake, ni graniti yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Na miamba ya dhahabu ya Kakamega, ile iliyoleta wachimbaji kwa kishindo miaka ya 1930, ni ya zama hizohizo za kale sana. Lava zake zimegeuka kijani kidogo, lakini bado unazitambua kuwa ni lava. Hazikuzamishwa mbali. Kando ya naisi za Pokot, yaani miamba iliyopikwa yenye mistari, zilizokunjwa kama nguo iliyokamuliwa, ungedhani lava za Kakamega ni za juzi. Kupikwa kunakueleza mwamba ulikwenda wapi. Ulikwenda lini, hilo linatafutwa kwa njia nyingine.

Njia hiyo niliifundisha kwa kitendawili tulichokijua sote tukiwa watoto: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai, lakini kwa mwanajiolojia jibu linaweza kuwa zirikoni.

Zirikoni ni fuwele ndogo, kwa kawaida sehemu ya kumi ya milimita. Inapoota hukubali uraniamu ndani yake na kuikataa risasi, ile metali nzito. Baada ya hapo uraniamu huoza polepole kuwa risasi: nusu ya uraniamu-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya uraniamu-235 kwa miaka milioni 704. Risasi inayozaliwa humo hukosa pa kutokea, hata joto likipita digrii 900. Kwa hiyo ukipima risasi na uraniamu unajua fuwele iliota lini, na kwa kuwa kuna saa mbili ndani ya chembe moja, zinakaguana. Zikitofautiana, unajua kuna risasi iliyovuja. Mwamba ukipikwa upya, zirikoni ya zamani haifi. Huongezewa ganda jipya kwa nje, kama pete za mti. Kiini kinaweza kukupa umri wa babu na ganda likakupa umri wa mjukuu, ndani ya chembe usiyoweza kuiona bila lenzi.

Ulanga mweusi, yale magamba yanayong'aa ndani ya naisi, ni nyumba yenye mlango. Potasiamu-40 iliyomo huoza, sehemu yake ikiwa agoni, na nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa miaka bilioni 1.25. Agoni ni gesi. Ulanga ukiwa na joto, gesi hutoka kadiri inavyozaliwa na saa haisogei hata kidogo. Mlango hujifunga ulanga ukipoa hadi karibu digrii 300. Honiblendi hufunga mapema zaidi, karibu digrii 500. Hivyo tarehe ya ulanga haisemi mwamba ulipikwa lini. Inasema ulipoa lini. Ni kama kugusa kikombe cha chai, ukakuta kinashikika, ukadai chai imechemshwa dakika hiyohiyo.

Hapo ndipo ile milioni 500 inapoeleweka. Arthur Holmes, aliyefika Msumbiji mwaka 1911 akiwa kijana wa miaka 21 kutafuta madini, ndiye aliyekuja kuupa Ukanda wa Msumbiji jina lake katika maandishi ya 1951. Baada yake vipimo vya potasiamu na agoni vilienea kwa sababu ulanga hupatikana karibu kila mahali. Namba za karibu na milioni 500 zilijirudia nchi baada ya nchi, na mwaka 1964 W. Q. Kennedy akazikusanya chini ya jina la tukio la Pan-African. Namba zile ni sahihi. Watu waliozinukuu ndio waliosahau kuandika kwamba ni saa ya kufunga mlango. Binti aliikuta namba hiyo mara nyingi kwa sababu saa yake ilikuwa rahisi kupimwa.

Milioni 640 nayo inatoka wapi? Inatoka kwa granulaiti, miamba iliyopikwa kwa joto kali sana, za mgandamizo mkubwa za mashariki mwa Tanzania, kama zile za Pare, Usambara na Uluguru. Zilifika karibu digrii 810 na kilobari 9.5 hadi 11, na madini yake yaliyopimwa kwa uraniamu na risasi yanaweka kilele cha kupikwa karibu na miaka milioni 640 iliyopita. Nilimpa binti karatasi tukakokotoa pamoja. Kutoka digrii 810 hadi 300 ni digrii 510. Kutoka milioni 640 hadi milioni 500 ni miaka milioni 140. Jibu ni chini kidogo ya digrii nne kwa kila miaka milioni. Watafiti waliozipima granulaiti hizo walipata kati ya digrii mbili na tano. Maana yake ni kwamba kwa muda wote ambao binadamu wa aina yetu ameishi duniani, takriban miaka 300,000, mwamba ule ungepoa digrii moja tu. Binti aliirudia hesabu mara mbili. Tarehe mbili alizoamriwa kuchagua moja zilikuwa mwanzo na mwisho wa safari ileile.

Na ile ya zaidi ya bilioni 2.5 ni viini vya zirikoni: kuna naisi ndani ya ukanda huu, hasa upande wa magharibi kule Tanzania, ambazo mwamba wake wa asili ulizaliwa zamani hizo, ukaja kukamatwa na kupikwa tena. Kwa hiyo jopo lilimtaka achague kati ya kuzaliwa, kupikwa na kupoa.

Lakini hapa ndipo lilipo kosa la binti mwenyewe. Tarehe zote tatu zilikuwa za miamba mingine. Hata moja haikupimwa kwenye jiwe lake. Aliziazima kutoka mamia ya kilomita kusini, na jiwe lenyewe linaukataa mkopo huo waziwazi. Katika granulaiti zile za Tanzania, ganeti iliota kama pete kuzunguka madini mengine, kwa sababu mwamba ulipoa ukiwa bado kulekule chini. Katika jiwe la Marich ganeti ndiyo iliyozungukwa, tena inaliwa. Pete zimegeuzwa. Moja ilipoa bila kupanda, nyingine ilipanda kabla ya kupoa. Ukichukua tarehe ya ile ukaipa hii, umelivika jiwe nguo ya jirani.

Nilimpa mfano mmoja zaidi wa kumtia hofu njema. Karibu na Isimani, Iringa, kwenye kilima cha Yalumba, kuna eklojaiti iliyofika karibu kilobari 18 na digrii 750, yaani kina cha zaidi ya kilomita 60, mbali kuliko mwendo wa kutoka Kisumu hadi Kakamega. Nayo ilipanda. Umri wa kupikwa kwake ni karibu miaka bilioni 2, na ni miongoni mwa eklojaiti kongwe zaidi zinazojulikana duniani. Ni ushahidi kwamba wakati huo tayari bamba moja la dunia lilikuwa likizama chini ya lingine. Mtu akilitazama jiwe la Yalumba kwa macho tu, hawezi kujua kwamba linaupita Ukanda wa Msumbiji kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Macho mekundu yenye pete nyeupe yanakupa mpangilio wa matukio. Kalenda hayana.

Palikuwa na shauri jingine la kukatisha. Binti alitaka kuchukua zirikoni kwenye karai la babu, kwa sababu ni nzito na hubaki chini pamoja na dhahabu, ganeti na ule mchanga mweusi unaovutwa na sumaku. Wazo zuri kwa mtu anayetaka kujua historia ya bonde zima. Kwa jiwe moja halifai, maana mto hukusanya zirikoni za kila mlima unaoupitia.

Hivyo alirudi Marich akiwa na swali jipya: jiwe lilitoka mwamba gani? Babu hakuhitaji ramani. Alimpandisha kando ya kijito kinachoingia Muruny, mwendo wa saa moja na nusu, hadi kwenye utepe mweusi wenye upana wa hatua mbili uliolala ndani ya naisi ya kijivu. Binti alinipigia simu kutoka huko, upepo ukivuma kwenye simu. Mistari ya naisi, alisema, inajipinda kuuzunguka utepe kama maji yanavyozunguka nguzo ya daraja. Na katikati ya utepe ganeti ni kubwa na pete ni nyembamba. Ukisogea ukingoni pete zinanenepa, hadi mwisho kunabaki doa jeupe lisilo na wekundu wowote.

Nilimwambia aketi chini aichore picha hiyo kabla ya kugusa nyundo. Ukingoni ndiko maji na msuguano viliposaidia ganeti kuliwa. Katikati ndiko kumbukumbu ya kina ilikosalia. Sampuli ichukuliwe katikati, nyingine ukingoni, na ya tatu kwenye naisi. Alipiga alama ya kaskazini kwa rangi juu ya kila moja.

Mradi aliouandika upya hauna umri wa jiwe. Una mpangilio: mwamba wa asili, ganeti kuota, kupanda ukiwa moto, pete, kukunjwa pamoja na naisi, kupoa. Mbele ya kila tukio ameandika ni saa ipi ingeweza kulipima. Kwa ganeti amependekeza lutetiamu na hafniamu, saa nyingine ya namna ya uraniamu na risasi, kwa sababu lutetiamu hujazana kwenye kiini cha ganeti na hivyo husema ilianza kuota lini. Ameongeza samariamu na neodimiamu kwenye ganeti ileile, ambazo kwa kawaida husimulia sehemu ya baadaye zaidi. Zirikoni azitafute kwenye naisi, maana mwamba mweusi kama ule huwa nazo chache. Agoni aipime kwenye honiblendi, kisha kwenye ulanga. Tarehe tatu za zamani zimebaki, ila sasa kila moja ina jina la madini yake, joto la mlango wake na mahali ilipopimwa. Jopo lilimpitisha. Mmoja wao alimwomba nakala ya mchoro wa pete.

Vipimo vyenyewe vinahitaji maabara ya nje na pesa ambazo bado tunazitafuta. Kipande kimoja cha jiwe la kwanza kiko mezani kwangu. Cha pili binti alikirudisha kwa babu, ambaye alikuwa ameanza kuulizia kizuizi cha mlango wake. Alikipokea, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole cha gumba juu ya jicho moja baada ya jingine. Wekundu ule aliutambua, kwani ndio mchanga unaomwonyesha karaini kwamba vitu vizito vimeanza kutulia. Weupe ndio uliomsumbua.

"Na hii nyeupe," akauliza, "ilichukua muda gani kuula huu mwekundu?"

Binti alinipigia simu jioni hiyohiyo kuniuliza. Ndilo swali tulilolitanguliza kwenye barua ya kuomba pesa za maabara.